Umekuja Marekani kuoana kwa viza ya K-1? Mambo ya pamiti ya kazi na ushuru mwaka wa kwanza

Wacha nianze na aibu yangu. Mimi mtu wa Mombasa, Kisauni, miaka 9 nilikuwa karani wa klearing pale bandarini, mshahara si mkubwa lakini ni wangu, nikipita dukani nanunua mkate bila kumuomba mtu. Nikafika Dallas mwezi wa 9 kwa viza ya K-1 kumuoa mchumba wangu, Mkenya mwenzangu aliyekwishapata uraia wa huku, na kutoka siku ile hadi mwezi wa 5 wa mwaka uliofuata sikushika hata dola moja ya jasho langu. Mke anaamka saa kumi na moja alfajiri anaenda zamu hospitali, mimi naosha vyombo, nafua, nakunja nguo, halafu simu inaita kutoka nyumbani, "Vipi mwanangu, uko Amerika sasa, karo ya mdogo wako ishakaribia." Utamwambia nini mama? Kwamba uko Amerika lakini huruhusiwi kufanya kazi? Hakuna atakayekuamini.

Kwa hivyo haya naandika kwa yule ambaye bado hajapanda ndege, au ameshuka juzi bado anashangaa jinsi barabara zilivyo pana. Neno moja kwanza ndugu zangu wa Tanzania, mimi nikisema ushuru ndiyo hiyo mnayoita kodi, manake kwetu kodi ni pesa ya mwenye nyumba.

Kabla hujasafiri

Kuna njia mbili kubwa za kuja kwa ndoa, na tofauti yake kwenye mambo ya kazi ni kama mchana na usiku. K-1 ni ya mchumba, lazima anayekuita awe raia (mwenye grinikadi hawezi kukuita kwa hii), na ukifika mna siku 90 za kuoana, baada ya hapo ndio unaanza kuomba makaratasi yako ukiwa huku huku. Ile ya pili, CR-1, mnaoana kwanza, iwe Kenya au popote, halafu unakuja ukiwa mke au mume. Mwenye CR-1 akigongwa muhuri uwanja wa ndege tayari ni mkaazi wa kudumu, ile viza yenye muhuri inatumika kama grinikadi kwa mwaka mzima huku akingoja kadi yenyewe kwa posta, na kesho yake asubuhi anaweza kwenda kuajiriwa. Mwenye K-1 anakaa.

Sisi tulichagua K-1 kwa sababu tulisikia ni ya haraka. Ukiniuliza leo, kama wewe ndiye unayelisha watu nyumbani, wazazi, mtoto, mkopo wa Sacco, mimi nakwambia oaneni kwanza mje na CR-1 hata kama mtakaa mbali miezi kadhaa zaidi, kwa sababu hiyo miezi utakuwa unaipata mshahara wako kwenu. K-1 inamfaa yule mwenye akiba au ambaye mwenzake anaweza kubeba nyumba peke yake mwaka mzima bila kuanza kununa.

Ukiwa ushaamua K-1, basi kabla hujaacha kazi hakikisha bosi wako amekupa P9 ya miezi uliyofanya mwaka huo, ile karatasi inayoonyesha mshahara na PAYE iliyokatwa. Najua unajiuliza ya nini na mimi naenda zangu. Utaihitaji mwezi wa 4, na kumsaka mtu wa mshahara kwa WhatsApp kutoka Texas huku wao wamelala wewe uko macho ni kazi ya kuua moyo. Piga picha pia ya P9 za miaka ya nyuma na risiti zako za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Na usiache kazi mapema ati kwa sababu umepata tarehe ya intavyuu pale ubalozini Gigiri, ngoja viza iwe mkononi.

Namba ya Soshal: hapa ndipo nilipoteleza

Ukishafika, kitu cha kwanza si harusi, ni namba ya Social Security, wenyewe huku wanasema soshal tu. Bila namba hii huna kazi, huna ritani ya ushuru ya maana (ile fomu ya kila mwaka ya kutangaza mapato), hata kufungua akaunti benki nyingi utasumbuka. Na mwenye K-1 anaruhusiwa kuiomba hata kabla hajaoa na hata kabla hajapata pamiti. Mimi hilo sikulijua, nilidhani pamiti kwanza ndio soshal, nikakaa.

Inavyokwenda ni hivi. Subiri kama wiki 2 tangu ufike ili rekodi yako ya kuingia iwe imeshaingia kwenye mitambo yao, chapisha I-94 yako, ndiyo hiyo rekodi ya kuingia, kutoka onlaini, beba pasi yenye viza na cheti cha kuzaliwa, jaza fomu SS-5, nenda. Haina malipo. Mtego ni huu, I-94 yako inaisha siku ya 90, na ukienda zikiwa zimebaki chini ya siku 14 hawakupi. Kwa hivyo una dirisha kama la miezi miwili na ushee, usilipoteze kwa shughuli za mahari na kushonesha nguo. Mimi nilienda zimebaki siku 9, nikarudi nyumbani mkono mtupu, na kosa lilikuwa langu.

Kadi itakuja imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haifai kwa kazi bila idhini ya usalama wa ndani. Usiogope, namba ni namba, haibadiliki maisha yako yote, ukija kupata grinikadi unaenda unabadilishiwa kadi isiyo na maandishi hayo. Na kama dirisha limeshakupita kama mimi, kwenye fomu ya kuomba pamiti kuna sehemu ya kuweka tiki ili wakutengenezee soshal pamoja, itakuja yenyewe wiki mbili tatu baada ya pamiti kupita.

Pamiti yenyewe

Kuna watu watakwambia mwenye K-1 anaweza kuomba pamiti siku ile ile aliyofika, kabla ya ndoa. Kwa maandishi ni kweli. Kwa vitendo ni kutupa pesa, kwa sababu pamiti hiyo mwisho wake ni zile zile siku 90, na mpaka waishughulikie siku zenyewe zishaisha.

Njia ya kweli ni kuoana upesi halafu kupeleka furushi lote pamoja. Huku Texas ukichukua leseni ya ndoa kortini lazima zipite saa 72 kabla ya kufungishwa, na leseni yenyewe inakufa baada ya siku 90, majimbo mengine yana sheria zao. Sisi tulifunga ya serikali mwezi wa 10 mwishoni tukiwa watu 6, ile kubwa ya kuchinja na kucheza chakacha tumeiacha mpaka turudi nyumbani, na mama mkwe mpaka leo ananitajia.

Cheti cha ndoa kikitoka, unapeleka I-485 ya kuomba grinikadi, I-765 ya pamiti, na I-131 ya ruhusa ya kusafiri, zote bahasha moja. Malipo tangu Aprili 2024 ni dola 1,440 kwa I-485, 260 kwa pamiti ikienda pamoja na I-485, na 630 kwa ile ya kusafiri. Jumla 2,330, na hiyo ni juu ya zile 675 za fomu ya mwanzo I-129F mlizokwishalipa. Angalia ukurasa wa ada wa USCIS, idara ya uhamiaji, siku ile ile unayotuma, wakikuta pungufu hata dola 5 wanarudisha furushi zima. Na tangu mwisho wa Oktoba 2025 hawachukui tena cheki ya karatasi, ni kadi kwa fomu G-1450 au moja kwa moja kutoka akaunti ya benki kwa G-1650.

Kuna watu wanaruka I-131 ili waokoe zile 630. Mimi siwezi kukushauri hivyo. Ukitoka Marekani ombi la grinikadi bado linasubiri na huna ile ruhusa, ombi linahesabiwa umelitupa, na K-1 ni ya kuingia mara moja tu. Jirani yangu hapa alifiwa na babake Kakamega akiwa kwenye hali hiyo, akazika kwa Zoom.

Kwenye dhamana ya kipato, I-864, mwenzako lazima aonyeshe anaweza kukulisha, asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, kwa watu 2 viwango vya 2025 ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka, na kithibitisho chao kikubwa ni ritani yake ya ushuru ya mwaka wa karibuni. Hapo ndipo utaona mambo ya ushuru na mambo ya uhamiaji ni kitu kimoja wanavaa kofia mbili. Kama mchumba wako hajafaili miaka miwili mitatu, afaili kwanza, na muulize hilo mapema kabla hujauza fanicha, ni swali gumu kwa mtu unayempenda lakini muulize.

Baada ya hapo ni kungoja. Wanakuita alama za vidole, halafu kimya. Yangu ilichukua karibu miezi 6, wengine inakuja miezi 3, wengine zaidi ya hapo, hakuna fomula. Ikifika utaona imeandikwa C09, ndiyo alama ya wanaongoja grinikadi. Tazama tarehe ya mwisho, kwa sababu zamani walikuwa wanatoa hadi miaka 5 lakini kwa maombi yaliyokuwa bado yanasubiri au yaliyotumwa kuanzia Desemba 2025 wameshusha hadi miezi 18, na ule muda wa nyongeza uliokuwa unapata bure ukiomba mpya nao wameuondoa mwishoni mwa Oktoba 2025. Kwa hivyo miezi 6 kabla haijaisha, kama grinikadi haijatoka, tuma ya kurenew, usingoje, pamiti ikiisha kazi inasimama siku hiyo hiyo.

Ile miezi ya kukaa, na vishawishi vyake

Sasa nizungumze wazi. Ukikaa nyumbani mwezi wa tatu mtu atakuja na rai. "Chukua akaunti ya DoorDash ya mkeo, ile ya kupelekea watu vyakula, uendeshe wewe." "Kuna mama anataka mtu wa kulala na mzee wake, analipa keshi." Kwa kina dada ni kusuka, watu wanakuja sebuleni unawasuka dola 150 kila kichwa, nani atajua?

Swali la kujiuliza si nani atajua. Fomu ya I-485 inakuuliza kama umewahi kufanya kazi bila idhini, na unaijibu kwa kiapo, na kwenye intavyuu afisa anaweza kukuuliza tena mdomo kwa mdomo. Kazi yenyewe kwa mume au mke wa raia mara nyingi inasameheka, uongo ndio hausameheki kirahisi, na huo unakufuata mpaka kwenye uraia. Halafu ile akaunti ya mkeo, pesa zote zitaandikwa kwa jina lake kwenye 1099, karatasi ya mapato ya aliyejiajiri, ushuru ni wake, ajali ikitokea bima inauliza nani alikuwa kwenye usukani. Wewe na yeye mnakuwa mmetengeneza matatizo mawili kwa mpigo mmoja. Na kufanyia mteja wa Nairobi kazi kwa laptopu ukiwa umekaa Dallas, wengi wanadhani hiyo si kazi ya Marekani kwa sababu pesa inaingia KCB. Mwili wako uko wapi ukifanya? Basi.

Mimi niliutumia muda ule kusoma kitabu cha leseni ya udereva, kutuma vyeti vyangu vikakadiriwe viko sawa na nini huku, na kujifunza kupika biriani ya kwetu vizuri kuliko shemeji zangu. Kujitolea msikitini au kanisani bila malipo ni sawa, lakini iwe kujitolea kweli, si kazi ambayo mwingine analipwa.

Pamiti imekuja, kazi imepatikana

Siku ya kwanza kazini wanakupa I-9, wanataka kuona kitambulisho na idhini ya kazi. Kadi ya pamiti peke yake inatosha yote mawili, bosi hana ruhusa ya kukulazimisha ulete grinikadi au karatasi anayoitaka yeye, chaguo ni lako.

Halafu W-4, na hapa naomba usikilize kwa makini. W-4 ndiyo inayoamua wakukate kiasi gani kila malipo. Wewe na mwenzako nyote mkiandika mmeoana mnafaili pamoja na mkaacha hapo, kila bosi atakata kama vile nyumba nzima inaishi kwa mshahara huo mmoja tu, wote wawili wanakata kidogo, mnafurahi hela nono mwaka mzima, Aprili mnadaiwa maelfu. Kwenye hatua ya 2 kuna kisanduku cha watu wenye kazi mbili, kitieni tiki wote wawili. Tiki moja tu, na rafiki zangu watatu wameshalipishwa kwa kuisahau.

Mbali na huo ushuru wa mapato kuna asilimia 7.65 ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya uzeeni), hiyo haina mjadala, kila mtu. Ukiwa umejiajiri, tuseme umeingia kwenye kusafirisha vyakula kwa akaunti yako halali sasa, ni asilimia 15.3 kwa sababu wewe ndiye bosi na ndiye mfanyakazi, na hakuna anayekukatia, unatakiwa kulipa kwa vipande, Aprili, Juni, Septemba na Januari, kila mara tarehe 15. Weka robo ya kila unachopata pembeni, usiiguse. Texas hatuna ushuru wa mapato wa jimbo, shukuru, mwenzangu yuko Minnesota wanamkata juu ya huo.

Ritani ya mwaka wa kwanza

IRS, mamlaka ya ushuru ya huku, hawaangalii mlikuwa nini mwaka mzima, wanaangalia Desemba 31. Mkioana Desemba 30, kwa macho yao mmeoana mwaka mzima. Mkioana Januari 2, mwaka uliopita kila mtu alikuwa kapera. Kwa hivyo mwaka ule wa ndoa mwenzako hawezi tena kufaili kama yuko peke yake. Ni ama pamoja, ama kila mtu kivyake mkiwa mmeoana.

Shida ni kuwa wewe, ukiwa umefika Septemba, kwa hesabu ya ushuru bado ni mgeni. Ukaazi wa ushuru kwa asiye na grinikadi unahesabiwa kwa siku, angalau 31 mwaka huo, na jumla ya 183 ukichukua siku za mwaka huo zote, theluthi ya za mwaka uliotangulia, na sehemu moja ya sita ya ule wa kabla yake. Septemba hadi Desemba ni kama siku 120, hujafika. Na mgeni kwa kawaida hafaili pamoja na raia. Lakini sheria imewaachia mlango, mke na mume mnaweza kuchagua kwa hiari yenu uhesabiwe mkaazi mwaka mzima. Mnaandika karatasi moja, kwamba siku ya mwisho ya mwaka mmoja wetu alikuwa raia na mwingine mgeni, tunachagua wote tuhesabiwe wakaazi kwa mwaka wote, majina, anwani, namba za soshal, mnasaini wote wawili, mnaiambatisha kwenye fomu 1040, ndiyo ritani yenyewe, na hapo juu kwenye 1040 kuna kisanduku cha jambo hilo hilo.

Bei ya mlango huo ni kwamba unatangaza mapato yako ya dunia nzima ya mwaka ule, hata mshahara wa bandarini wa Januari hadi Agosti. Watu wakisikia hivyo wanakimbia, wanafaili kivyao. Wacha nikupigie hesabu ya mwaka 2025. Tuseme mke anapata dola 58,000, na wewe Kenya ulipata shilingi 65,000 kwa miezi 8, ni 520,000, kwa 129 ni kama dola 4,030. Mkifaili pamoja, dola 31,500 za kwanza hazitozwi, ushuru unakuja kama 3,190. Yeye akifaili kivyake, kisichotozwa ni 15,750 tu, ushuru unakuja kama 4,830. Yaani mmeongeza mshahara wa Kenya na bado mmeokoa zaidi ya dola 1,600. Na ile PAYE iliyokwishakatwa na KRA unaidai kwa fomu 1116, inashusha tena karibu 200, ndiyo maana nilikwambia P9. Marekani haina mkataba wa ushuru wa mapato na Kenya, wala na Tanzania, kwa hivyo hiyo 1116 ndiyo ngao yako. Texas pia ni jimbo la mali ya ndoa kuwa ya wote, kama California na Washington, na huku kufaili kivyake kuna mizungusho ya kugawanya mapato ambayo sikutakii.

Sasa turudi kwenye soshal yangu niliyoikosa. Aprili ikafika, sina namba, pamiti bado. Tukaenda kwa mtu mmoja wa ushuru tuliyeelekezwa, akatutazama akasema, huyu hana namba hana kazi, basi tunamfaili mke kama kichwa cha nyumba, yaani mtu asiye na mwenzi anayelea mtu, rifandi (ushuru wanaokurudishia) nzuri. Mke wangu hana mtoto! Raia aliyeoana na mgeni anaweza kweli kufaili hivyo kama ana mtoto wake anayemlea au mtu mwingine anayestahili, lakini mume mgeni peke yake hahesabiki kuwa huyo mtu. Tukapata ile rifandi, tukaila, na mwezi mmoja baadaye nikiwa napanga karatasi za intavyuu ya grinikadi ndio nikaona, hapa tunaapa tumeoana na kule tumeandika mke yuko peke yake. Jasho lilinitoka.

Bahati nzuri inarekebishika. Soshal ilipokuja tukapeleka 1040-X, ritani ya marekebisho, tukabadilisha kuwa ya pamoja, mna miaka 3 ya kufanya hivyo. Kinyume chake hakuna, mkishafaili pamoja na tarehe ya mwisho ikapita hamuwezi kurudi kufaili kivyenu. Lakini ile tungeweza kuiepuka yote kwa fomu moja ya 4868, inakusogezea muda wa kufaili hadi Oktoba 15, bure, ukingoja soshal yako (kama mnadaiwa, pesa yenyewe bado ni Aprili 15, wanasogeza karatasi tu). ITIN achana nayo kama unajua soshal inakuja, hiyo ni namba ya ushuru ya yule asiyeweza kupata soshal.

Na huyo mtu wa ushuru, muulize PTIN, namba yake ya usajili wa kutayarisha ritani, na lazima asaini ritani yako kama mtayarishaji. Akikwambia "saini wewe tu", ondoka. Akikwambia malipo yake ni asilimia ya rifandi, ondoka pia, ukimbie. Kuna vituo vya bure vya kujaziwa ritani, vinaitwa VITA (jina la programu tu, si vita vya mapigano), kwenye maktaba na makanisa, piga simu kwanza uwaulize kama wanafanya za mwenye mke mgeni, si wote wanafanya.

Mama huwezi kumweka kwenye ritani

Hili naulizwa kila mwaka. Unamtumia mama pesa kila mwezi, unamlipia mdogo wako karo, ati uwaandike kama tegemezi? Hapana. Tegemezi lazima awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Kanada au Mexico. Mama wa Kisauni hayumo. Hata mtoto wako uliyemwacha Kenya kwa bibi yake, kama si raia na bado hajahamia huku, hayumo. Ukimwona mtu anajigamba ameandika watoto wanne wa Kakuma na rifandi imefika elfu nane, mpishe.

Ulichoacha Kenya

Una kinyumba Mtwapa umepangisha? Ukishakuwa mkaazi wa ushuru huku, hiyo kodi ya nyumba inatangazwa kwenye 1040, ukatoe gharama zake, ukadai kilicholipwa KRA. Upande wa KRA mwenye kuhesabiwa mkaazi wa Kenya analipa asilimia 7.5 ya kodi anayokusanya kama ni kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, asiye mkaazi anakatwa asilimia 30 ya jumla, na kama bado una makao ya kudumu Kenya ukatia mguu hata wiki moja mwaka ule, sheria yao inakuhesabu mkaazi. Na PIN yako ya KRA haijafa kwa sababu umepanda ndege, kila Juni 30 ingia iTax, mtandao wao, ufaili hata kama ni sufuri, faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi inaanzia shilingi 2,000 na zinajumlika huku umelala.

Akaunti zako za benki kule nazo zina fomu yake, FBAR. Kama zote zikijumlishwa zilipita dola 10,000 hata siku moja ya mwaka, unaziripoti onlaini kwa FinCEN, idara ya serikali ya huku inayofuatilia pesa chafu. Si ushuru, ni kuripoti tu, haina malipo, Aprili 15 na mpaka Oktoba 15 wanakuvumilia bila kuomba, lakini faini za kutofanya ni za kutisha. Akiba ya Sacco pia usiiache nje. Wanaonaswa wengi ni wale waliouza shamba, pesa ikakaa akauntini wiki mbili ikinunua lingine, wao wanaona ilipita tu.

Na ukishaanza kutuma nyumbani, tangu Januari 1, 2026 kuna asilimia 1 ya serikali kwa anayetuma pesa nje kwa keshi, mani oda au cheki ya benki. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya huku au kwa kadi ya benki ya Marekani haikuhusu, kwa hivyo kile kibanda cha kupeleka noti mkononi kisahau, tumia app yenye kadi yako mpaka M-Pesa ya mama.

Grinikadi yangu ilikuja ya miaka 2, kama ndoa haijafika miaka 2 siku wanayoipitisha ndivyo inavyokuwa, na kati ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha mnapeleka I-751 ya kuthibitisha mnaishi pamoja kweli. Nina faili la buluu chini ya kitanda, ndani kuna ritani mbili za pamoja, ile 1040-X ya aibu, W-2 zetu (karatasi za mshahara za mwaka), na barua ya mwenye nyumba yenye majina yote mawili. Mke akitafuta pasi ya kupigia nguo analivuta kwa bahati mbaya, ananiuliza, "Hivi hili ndilo penzi letu?" Namwambia eeh, lirudishe taratibu.